Jina la Sita na la Saba

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini nakujua pia: nikianza barua bila shikamoo ungeniacha niseme mpaka mwisho, kisha ungeuliza kwa upole kama nililelewa na mbuzi. Kwa hiyo shikamoo, mama yangu, na unisikilize.

Kuna jambo nilikudanganya. Nilikudanganya ukiwa kitandani hospitali, umekonda mpaka pete ya ndoa umeizungushia uzi isidondoke, nawe ukaniamini palepale. Umeishi na ule uongo miaka yote iliyofuata na umezikwa nao. Niliogopa kuusema ulipokuwa hai, na hata leo ninapoandika bado naogopa, mtu mzima mwenye wajukuu. Lakini hautaeleweka bila kuieleza ile kompyuta, na wewe ile kompyuta hukuipenda hata siku moja. Vumilia kidogo.

Unakumbuka nilivyokuja Singe mbio kukuambia nimepata kazi kwenye mradi wa malale. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mkoa wetu ulikuwa haujazaliwa, na Babati yote uliweza kuimaliza kwa miguu kabla uji haujapoa. Nilikuwa nimesomea uchapaji, nikidhani wanataka mtu wa taipureta. Kumbe wafadhili walikuwa wameleta kompyuta, na waliniweka mbele yake kwa sababu tu vidole vyangu vilijua herufi zilipo. Ulichouliza wewe ni kitu kimoja: inakula nini? Nikasema inakula umeme wa jenereta. Na jenereta linakunywa nini? Dizeli. Ukatikisa kichwa. Malori ya mahindi yalikuwa yamelala barabarani wiki nzima yakisubiri dizeli, na sisi tulikuwa tunaimwaga kwa mashine ya kuandika majina.

Wajukuu wangu hawaamini nikiwaeleza miaka ile. Sabuni ya mche uliikata kwa uzi vipande vinne, ukaficha vitatu ndani ya pipa la mahindi. Sukari ikifika kwenye duka la ushirika, habari zilifika Singe kabla gari halijamaliza kushusha, na tulikwenda kuweka mawe kwenye foleni, kila jiwe na mwenyewe. Na nyumbani kwako kulikuwa na sheria moja, kwamba kitu cha zamani hakitoki mpaka kipya kiwe mkononi. Kandambili iliyokatika haikutupwa. Kibatari kinachovuja hakikutupwa. Hata kalenda ilibaki ukutani mpaka mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, tulipopata nyingine, na wewe ukaendelea kuitazama tarehe ya mwaka jana na kupangia kupalilia. Mimi niliingia kazini na sheria hiyo kichwani.

Mradi wetu ulipima damu za watu wanaoingia porini kwenye mbung'o: walima mpunga wa Magugu kama wewe, warina asali, wakata kuni. Mpimaji, Bwana Swai, alikaa kambini huko huko porini kwa wiki nyingi, na majibu aliyatuma kwa dereva kwenye karatasi. Karatasi zikifika ofisini zilipigwa muhuri wa siku ya kupokelewa, kisha mimi nikaingiza kila jina kwenye kompyuta, na mbele yake neno HANA au neno CHANYA. Chanya maana yake wadudu wa malale wameonekana kwenye damu, na mtu huyo atafutwe haraka aanze sindano; akishaanza, neno lake nililibadilisha. Kila Alhamisi nilitakiwa kutoa orodha ya wenye CHANYA ambao bado hawajaanza matibabu. Orodha ile ilibandikwa mlangoni, na nakala ikaenda na dereva vijijini.

Sasa nikueleze jinsi programu yangu ilivyofanya kazi, maana nilijaribu kukueleza zamani ukaniambia nikoroge uji. Programu niliiandika mwenyewe, kwa kufundishwa na yule mtaalamu mzungu mwembamba aliyekaa nasi miezi minne. Yenyewe ilikuwa nzito kutafuta. Ikianza kupekua majina mia tatu moja moja, dizeli ingeisha. Lakini ndani ya kompyuta, kwenye mfumo wenyewe unaoiendesha, kulikuwa na amri iliyojua kazi hiyo tayari. Basi programu yangu ikifika mahali fulani ilisimama, ikaiagiza ile amri: nenda kwenye faili la majibu, toa kila mstari wenye neno CHANYA. Na majibu hayakuja kwenye kioo. Yalielekezwa kwenye faili lingine nililoliita ORODHA, kwenye disketi ya pili. Amri ikimaliza, programu inaamka, inafungua ORODHA, inasoma kilichomo, inaweka juu tarehe ya siku ile niliyoichapa asubuhi, na printa inaanza kulia.

Ni kama ulivyokuwa ukinituma dukani na chupa ya mafuta ya taa nikiwa mdogo. Hukwenda mwenyewe, ulingoja mlangoni nirudi na chupa. Ila wewe nikirudi ulikuwa unaitikisa chupa kwanza kabla hujanipa pole. Programu yangu haikutikisa chupa. Iliamini kwamba ikiagiza, kazi imefanyika, na kwamba lolote itakalolikuta kwenye ORODHA ni la leo.

Mtaalamu alikuwa ameliona hilo. Alinifundisha kuandika mstari mmoja zaidi: kabla ya kutuma amri, programu ilifute kwanza lile faili la ORODHA la wiki iliyopita. Amri ikishindwa, alisema, programu haitakuta kitu, itakwama, na wewe utajua. Nikaandika mstari huo mbele yake. Alipopanda ndege kurudi kwao, nikauondoa.

Nisikilize kabla hujanicheka. Nifute orodha nzima kabla sijashika nyingine, miaka ile? Jenereta likizima katikati je? Ningebaki sina ya zamani wala mpya, watu wamekaa kwenye benchi nje. Hakuna mtu aliyekulia nyumbani kwako ambaye angeuacha mstari ule. Nilijiona nimekuwa mwerevu kuliko mzungu, na jioni yake nilitembea kurudi Singe nikipiga mluzi.

Kitu kingine ni disketi. Tulikuwa na boksi moja la disketi kumi na tuliambiwa ndiyo hilo mpaka mwaka uishe. Kila disketi ilikuwa na kijipengo ubavuni. Ukikiziba kwa karatasi ya gundi, kompyuta inaweza kuisoma lakini haiwezi kuandika wala kufuta kitu juu yake. Vikaratasi vyenyewe viliisha, nikawa nakata plasta ya kidonda kutoka kabati la dawa. Niliziba kila kitu. Kila Alhamisi baada ya kuchapa niliziba disketi ya orodha kama wewe ulivyofunga sanduku la sukari, na Alhamisi iliyofuata nikabandua plasta kabla ya kuanza. Mkuu wetu alikuwa ametutangazia kwamba atakayeharibu kitu cha mradi atajibu kama mhujumu uchumi, na sote tulishaona watu wakichukuliwa kwa mifuko miwili ya sukari. Niliiogopa ile mashine kama mtu anavyoogopa mtoto mchanga wa tajiri aliyewekwa mapajani mwake.

Basi Alhamisi ile. Ulikuwa umepimwa Magugu siku chache nyuma, na ulikuja ofisini na kikapu chako ukakaa kwenye benchi na wenzako. Karatasi za Bwana Swai zilikuwa zimefika Jumanne. Nilikuwa nimeziingiza haraka haraka, kichwa kiko kwenye foleni ya unga, na naapa sikuliona jina lako wakati naliandika. Mchapaji haoni majina, anaona herufi. Mlinzi akaja dirishani kuniambia dizeli iliyobaki ni ya dakika chache. Nikawasha programu. Ikasimama, ikatuma amri, na mara kwenye kioo likatokea swali la Kiingereza kwamba disketi imezibwa, niache, nirudie au nipuuze. Sikulisoma lote. Nilibonyeza herufi ya kuacha ili litoke machoni pangu. Programu ikaamka, ikaendelea kama kawaida, na printa ikaanza kulia. Nikamshukuru Mungu.

Majina matano yalitoka, na juu yake tarehe ya siku ile. Yalikuwa matano yale yale ya wiki iliyopita, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu wagonjwa walikaa kwenye orodha wiki nyingi wakikosa usafiri. Nikatoka nayo nje. Ukaniuliza kwa macho. Nikapitisha kidole juu mpaka chini, mbele yako, na nikasema, "Mama mdogo, jina lako halimo." Ukacheka, ukanipa mahindi ya kuchemsha mawili, ukaondoka zako. Jenereta lilizima hata kabla hujafika barabarani.

Halikuwashwa tena kwa wiki tatu, na wiki ya pili homa ikakushika. Kila mtu alisema malaria, nawe ukanywa dawa ya malaria, na haikushuka. Shingo ilivimba nyuma. Ulilalamika kichwa. Siku moja nilikukuta umelala na ungo wa mchele mapajani, saa tano asubuhi, jua linawaka, wewe ambaye hukuwahi kulala mchana hata siku uliyojifungua. Uliposhtuka ukasema labda ni malale. Na mimi nikakukaripia, Mama mdogo. Nikakuambia malale huna, orodha nimeisoma mwenyewe. Nilisema kwa sauti ya mtu wa ofisini.

Dizeli ilipokuja niliwasha kompyuta peke yangu, mkuu amekwenda Arusha. Sijui ni kwa nini sikuanza na programu. Nadhani ule ungo ulinikaa moyoni. Niliiandika ile amri mwenyewe kwa mkono, nikaacha majibu yaje kwenye kioo badala ya faili. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita lilikuwa jina lako. La saba lilikuwa la Mzee Boay wa Bagara, yule mrina asali. Nikachomoa disketi ya pili. Plasta ilikuwa palepale ubavuni, imeshika vizuri; Alhamisi ile nilisahau kuibandua, na programu ikasoma ORODHA ya wiki iliyotangulia.

Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baada. Niliibandua plasta kwa kucha, nikaiviringa mpaka ikawa kitonge, nikaimeza. Kweli, niliimeza. Mpaka leo sijui nilidhani nani angeikuta.

Kilichofuata unakijua nusu. Gari la mradi lilikuwa linakwenda hospitali ya misheni kesho yake, nikamwomba dereva, nikakupandisha. Wakakupima upya, wakakuta wadudu, na sindano ya uti wa mgongo ikaonyesha wameshafika kichwani. Maana yake ulikuwa umepita zile dawa za mwanzo na ulihitaji ile kali, ile inayoungua ndani ya mshipa, ambayo masista wenyewe walituambia wengine hufa nayo. Nilikaa pembeni ya kitanda chako siku nane nikikushika mkono ukiungua. Nilikuwa naogopa ufe, na nilikuwa naogopa upone uniulize.

Na jina la saba nilikuwa nalijua. Hilo ndilo jambo ambalo halina maelezo mazuri hata nikiligeuza vipi. Kukuleta wewe nilihitaji tu kumwambia dereva kwamba mama yangu anaumwa. Kumleta Mzee Boay kulihitaji orodha, na orodha ilihitaji sahihi ya mkuu, na mkuu angeona kwenye karatasi muhuri wa siku ya kupokelewa, wiki tatu nyuma, na angeuliza jina hili lilikuwa wapi Alhamisi ile. Nilijiona nimesimama kituo cha polisi nikieleza habari za plasta kwa watu ambao hawajawahi kuona disketi. Nikajiambia mzee yule ana nguvu, pengine ameshajipeleka mwenyewe. Nikajiambia kesho. Siku nane nilijiambia kesho.

Siku ya tisa homa yako ilishuka kidogo ukaniuliza ilikuwaje. Nikakueleza yote, mstari niliouondoa, plasta, herufi niliyoibonyeza. Nililia mpaka sista akaja. Wewe hukulia. Uliuliza tu, "Nilikuwa peke yangu kwenye hayo yaliyoachwa?"

Nikasema hapana, yupo Mzee Boay wa Bagara.

"Sasa kwa nini uko hapa?"

Ndivyo ulivyosema, bila hasira, kama mtu anayeuliza kwa nini mlango uko wazi. Niliondoka bila kuaga vizuri. Nilipata lori la magogo, nikaingia Babati mchana wa siku iliyofuata, nikabandua kila plasta kwenye kila disketi, nikarudisha ule mstari wa kufuta, nikachapa orodha. Majina sita, maana lako nilikuwa nimeshaliandika kuwa limeanza matibabu. Nikampelekea mkuu, pamoja na karatasi zenye muhuri. Alikuwa anabishana na mtu habari za pipa la dizeli. Alisaini bila kutazama. Hakuangalia muhuri wala majina. Akanirudishia kalamu, akaendelea kubishana.

Siku tisa, Mama mdogo, kwa kuogopa jicho ambalo halikutazama.

Tulimkuta Mzee Boay amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, na mkewe, Mama Safari, anamlisha. Alikuwa analala na tonge mdomoni. Mama Safari alisema amekuwa hivyo kama wiki moja. Kabla ya hapo, alisema, alikuwa bado anapanda kwenye mizinga yake. Nilisikia "wiki moja" nikahesabu kimoyomoyo. Tulimpakia kwenye gari. Alikaa hospitali siku kumi na moja, wodi ya wanaume, ukuta mmoja tu kutoka kwako, na akafa siku ya tatu tangu waanze kumchoma ile dawa kali.

Masista walisema angeweza kufa hata angekuja mapema. Walisema pia angeweza kupona. Nimezibeba sentensi hizo mbili kila mahali na hakuna hata moja iliyonisaidia.

Sasa ndiyo ule uongo. Ulikuwa umeanza kukaa kitandani, unakunywa uji mwenyewe. Ukaniuliza kama nimemwambia Mama Safari ukweli. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimekwenda msibani, nimekaa na wanawake wengine kwenye mkeka, nimemenya viazi na nimerudi. Ukauliza, "Alisemaje?"

Na mimi nikajibu. Sikuwa hata nimejiandaa. Nikasema aliniambia ni mapenzi ya Mungu, na kwamba hana kinyongo na mimi. Nilikuletea majibu ya swali ambalo sikuwahi kulipeleka, Mama mdogo, na yalikuwa yamepangika vizuri, na wewe uliyezoea kutikisa chupa hukuitikisa ile. Ulifumba macho ukasema yule mama ana moyo mkubwa. Ukasema ukipona utamtunza.

Ulipona, na ulimtunza. Hapo ndipo adhabu yangu ilipoanza kwa kweli. Kila mavuno ulimpelekea debe la maharage Bagara. Mwanawe Safari alipooa ulipeleka kitenge na kuku wawili. Jumapili ulikaa naye kanisani benchi moja, mmeshika kitabu kimoja cha nyimbo, wewe ukimtajia maneno naye akiyafuata, na mimi nyuma yenu sikusikia mahubiri hata neno, nilikuwa natazama midomo yenu. Kila mkiinamiana kunong'ona niliona mwisho wangu. Siku ya kipaimara cha mwanangu ulisema unataka kumshukuru waziwazi kwa lile neno lake alilosema kwangu. Nikakuvuta jikoni, nikakuambia aliniomba tusimkumbushe kamwe, linamuumiza. Ukanyamaza kwa heshima, na ulinyamaza hivyo mpaka umekufa. Ule ulikuwa uongo wa pili, na huo niliusema nikiwa mzima, sina hata homa.

Nilifanya kazi na kompyuta miaka mingi baada ya hapo. Wasichana niliowafundisha walinicheka kwa sababu sikuwaruhusu kuisoma karatasi yoyote kabla hawajanionyesha ni ya lini na imetoka wapi. Waliniita Mama Tarehe. Niliwafundisha kwamba programu ikiagiza amri, iiulize amri ilimalizaje kabla ya kusoma kilicholetwa, na isisome kamwe kitu kilichokuwepo kabla haijaagiza. Niliwafundisha vizuri sana. Hawakujua wanafundishwa na mtu gani.

Tulipokuzika mwaka jana Mama Safari alikuja, ameshikwa mkono na mjukuu. Alikaa karibu yangu kwenye turubai. Kisha akanigeukia. Akasema, "Mwanangu, mama yako alinipenda miaka yote hii. Sikuwahi kujua ni kwa nini. Wewe unajua?"

Nikamwambia ulikuwa tu na roho hiyo. Akakubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa chenji pungufu asiyetaka kugombana msibani.

Toka siku hiyo silali vizuri. Wewe ulimpenda kwa ajili ya msamaha ambao hakuwahi kuombwa, na yeye amepokea mapenzi ambayo hajui aliyalipia nini. Mmekaa benchi moja zaidi ya miaka thelathini na katikati yenu nimekaa mimi, nimewadanganya wote wawili. Wewe sikukuwahi. Nimechelewa kwako, na kwako nitaendelea kuchelewa milele. Yeye bado yupo, pale pale Bagara, nyumba ile ile.

Naogopa, Mama mdogo. Naogopa atalia. Naogopa zaidi hatalia, ataniangalia tu. Naogopa Safari, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi na mkono mzito, na ana haki. Naogopa atasema lile neno kweli, kwamba ni mapenzi ya Mungu, maana sitajua kama ni lake au ni lile nililomtungia. Nimefika mpaka kwenye geti lake mara mbili mwezi huu na mara mbili nimesema nilikuwa napita tu, nikaulizia bei ya mahindi.

Kwa hiyo nimeiandika hii barua, yote, na kila jambo limeandikwa kama lilivyokuwa, hata lile la kumeza plasta. Kesho baada ya misa ya kwanza nitaipeleka kwake. Nilifikiri kuiacha mlangoni na kuondoka, na ningeweza, ningekuwa tayari nyumbani kwangu nimejifungia. Lakini Mama Safari hakuwahi kupelekwa shule, hajui kusoma. Na mjukuu wake ni mtoto, siwezi kumpa kazi hiyo.

Itabidi nimsomee mimi. Nimekaa mbele yake, kwa sauti yangu mwenyewe, mpaka kwenye jina la saba, na kisha nisubiri aseme atakalosema.

Niombee huko uliko, nami nikitoka kwake nitapita kaburini kwako nikuambie alichosema hasa.

Ni mimi, mwana wa dada yako uliyemlea Singe.